Shemeji anataka kufungua ukumbi wa sinema Tanga. Wewe kitu gani kitakutoa nyumbani?

#1 Kijana wa Raskazone

Wakuu salaam.

Shemeji yangu ana godauni hapa Tanga, Ngamiani, miaka yote lilikuwa la kuhifadhia magunia. Mpangaji kaondoka, godauni limekaa tupu, na sasa jamaa kaingiwa na wazo: ukumbi wa sinema. Viti 60, kiingilio cha mtu wa kawaida, hakuna mambo ya lifti na maduka ya manukato. Kwa kuwa mimi ndiye niliyefika chuo kwenye familia, nimepewa kazi ya "utafiti". Utafiti wenyewe ndio uzi huu.

Msimamo wangu natanguliza, mnipige mawe: watu hawafuati skrini. Skrini kila mtu anatembea nayo mfukoni. Watu wanafuata watu. Kuna picha moja ya kivita niliiangalia peke yangu kwenye simu, nikasinzia katikati. Picha ileile nikaja kuikuta kibanda umiza Makorora, vile vibanda vya benchi na TV. Mbele yangu kakaa jamaa mwenye kofia ya baraghashia, kila steringi akizingirwa anasimama anamwelekeza pa kupita: "Kushoto! Kushoto bwana, kulia wanakusubiri!" Steringi akipita kushoto kweli, jamaa anageuka kututazama kama yeye ndiye kamwokoa. Sijawahi kuisahau.

Sasa niambieni. Ukumbi gani uliwahi kwenda ukarudi tena, na kwa nini? Na kama ulikereka mahali, usitaje jina la watu, taja kosa tu.

#2 Dada wa Sinza

Choo. Nimemaliza.

#3 Kichwa Ngumu

Nimeweka kambi hapa, nina kahawa na kashata. @Dada wa Sinza yaani mtu kauliza sanaa wewe unajibu mabomba.

#4 Dada wa Sinza

@Kichwa Ngumu cheka tu. Nilienda mahali fulani na watoto wawili, mmoja ana miaka minne. Katikati ya picha akabanwa. Mlango wa choo hauna kitasa, maji hakuna, ndoo ipo ila kata imefungwa mnyororo kama baiskeli. Nikamshika mtoto kwa mkono mmoja, mlango nikauzuia kwa mguu, taa ya simu nimeing'ata kwa meno. Tuliporudi kukaa, mbaya alikuwa keshakufa na mimi sijui kafaje. Hadi leo sijui. Na sijarudi.

Mwanaume anaweza kwenda popote. Mama akiwa na watoto anapima choo kwanza, picha baadaye. Mwambie shemeji yako hivyo.

#5 Mpenda Sauti

Mleta mada, kwa heshima zote, huyo jamaa wa baraghashia ndiye sababu mimi nilihama kumbi. Nimelipa nisikie picha, si nimsikie yeye. Kinachofanya ukumbi uwe ukumbi ni vitu viwili: giza na sauti. Simu yako haiwezi kukupa mngurumo unaoingia kifuani. Ukishindwa kutoa hivyo umefungua kibanda chenye viti vizuri, basi.

#6 Mzee wa Upanga

Vijana mmenikumbusha mbali. Dar ile tulikuwa na Avalon, Empire, Empress, Odeon, Cameo, New Chox. Hapo sijavuka kwenda Ilala, kulikuwa na Amana. Jumapili picha ya Kihindi, ukichelewa dirisha la tiketi limefungwa, unaanza kubembelezana na walanguzi pale nje. Suruali imepigwa pasi hadi mkunjo unakata. Hukwenda sinema na kandambili, hata kama unakaa viti vya mbele kabisa ambako shingo inauma siku mbili.

Halafu Drive-In, Msasani. Marehemu kaka yangu alikuwa na pikapu. Tunaingia wanne mbele na saba nyuma chini ya turubai, tunalipia tunaoonekana. Kile kipaza sauti cha bati unakitundika kwenye kioo cha gari. Ukisahau ukaondoka nacho, unaondoka na waya wake.

Ukumbi ulikuwa na hadhi, ndiyo jibu langu. TV ndiyo iliyokuja kuua kila kitu miaka ya 80.

#7 Kichwa Ngumu

Saba chini ya turubai. Mzee kumbe nawe mhalifu.

#8 Daftari la Zamani

@Mzee wa Upanga shikamoo. Hapo kwenye TV naomba nirekebishe kidogo. Miaka ya 80 huku bara TV hatukuwa nayo, ilikuja 1994. Kilichoingia miaka ya 80 ni deki na mikanda ya video. Mtu mmoja mtaani ana deki, sebule yake inageuka ukumbi, viatu mlangoni pea hamsini.

Na kama TV ndiyo muuaji, Zanzibar mnaielezaje? Wao walikuwa na TV tena ya rangi tangu 1973 na kumbi ziliendelea kujaa miaka mingi baadaye.

Mimi nadhani chanzo kiko nyuma zaidi. 1971 ilipita sheria ya kutwaa majengo, majumba mengi makubwa yakaenda kwa Msajili wa Majumba wa serikali, na kumbi za sinema humohumo. Aliyekuwa mwenye nyumba akawa mpangaji kwenye ukumbi aliojenga mwenyewe. Paa likivuja, nani analiziba? Mpangaji anasema si langu, msajili ana majengo mengi mno. Usambazaji wa picha nao ukawa chini ya shirika la umma. Kufikia miaka ya 80 fedha za kigeni hakuna, picha mpya haziji, unaonyesha mkanda uleule hadi unakuwa na mvua ya mikwaruzo.

NB: ile Drive-In sasa ni ubalozi wa Marekani. Walijenga pale baada ya ule wa zamani kulipuliwa Agosti 1998.

#9 Mkunazini

Assalaam alaykum. Mie nawasoma tu, lakini alipotajwa Zanzibar nimeona niingie.

Kwanza hiyo huitwa senema. Sinema ni maneno ya redioni.

Pili, Majestic ile ya Vuga. Watu hudhani ile ndiyo ya mwanzo pale. Kabla yake palikuwa na Royal, ikaungua moto 1954, ndipo ikajengwa hii yenye kuta za mviringo. Cine Afrique ya Malindi nayo kabla ya Mapinduzi ikiitwa Sultana. Na Empire. Senema tatu, mji wote unakwenda kwa miguu.

Sasa nikwambieni jambo. Picha kubwa ya Kihindi ilikuwa inakuja nakala moja, senema mbili zinaitaka usiku huohuo. Wanafanyaje? Senema ya kwanza inaanza mapema, reli ya kwanza ikimaliza inatiwa kwenye baiskeli, kijana anapiga pedali vichochoroni kuipeleka ya pili. Akichelewa, ukumbi mzima unapiga miluzi. Babu yangu alikuwa akisema yule kijana akijulikana mji mzima kuliko steringi mwenyewe, na akitukanwa kuliko adui.

Tatu, kulikuwa na zanana. Maonyesho ya wanawake peke yao, mchana. Bibi yangu hakuwa mtu wa kutoka, lakini zanana alikwenda, na sanduku lake la nguo lilijua. Nani ana buibui jipya, nani kaposwa, nani mjamzito, yote yakijulikana pale kabla taa hazijazimwa. Ukiwauliza picha ilihusu nini, hawajui.

#10 Binti Chumbageni

@Mkunazini ahsante, umenigusa. Hapa Tanga bibi yangu naye anasimulia hivyohivyo. Yeye ni Majestic na Novelty. Mpaka leo akiguswa na nyimbo fulani za Kihindi anaziimba mstari kwa mstari, na Kihindi hajui hata neno la kuombea maji.

Kijana wa Raskazone, hapo ndipo pesa ilipo. Weka onyesho la wanawake Jumamosi saa nane mchana, muuza tiketi mwanamke, na kona ya watoto. Utaniona mimi, mama, shangazi watatu na wifi.

#11 Nyali Pwani

Wajameni, Mombasa tupo. @Daftari la Zamani nimefurahia historia yako lakini ina tundu. Huku Kenya hakuna aliyetaifisha kumbi. Na Regal iko wapi? Naaz iko wapi? Majestic, Lotus, Moons? Zote zilifungwa ama zikageuka kitu kingine, bila Msajili wa Majumba hata mmoja. Kwa hivyo tafuta sababu ingine.

Yangu mimi ni hii: mji ulihama. Watu wenye pesa za tikiti walivuka daraja wakaenda kukaa Nyali, na sinema ikawafuata, ndiyo Nyali Cinemax hiyo. Kumbi za kisiwani zikabaki na majengo makubwa, stima ya kulipa, na watu ambao wamehama.

#12 Daftari la Zamani

@Nyali Pwani hoja yako imenikaa. Sirudi nyuma kuhusu 1971, ila nakubali haielezi Mombasa.

#13 Mtu wa Ngara

Nairobi pia tuko na stori. Kumbi zetu zilikufa lakini majina yamegoma kufa. Makanga anaita "Odeon! Odeon!" na abiria amezaliwa baada ya ile cinema kufungwa, anajua tu ni steji. Globe hivyohivyo, imebaki jina la mzunguko wa barabara. Hapa kwetu Ngara kulikuwa na Shan ya picha za Kihindi, siku hizi ni Sarakasi Dome, vijana wanafanya mazoezi ya kuruka na ngoma. Hiyo angalau ilipata bahati.

Zingine ziligeuka makanisa. Na ukifikiria, ni biashara ileile. Viti mia kadhaa vinaangalia mbele, mtu anapaza sauti, watu wanalia. Tofauti ni kwamba kanisa linajaa kila Jumapili bila kununua picha mpya. Mwenye jengo alipiga hesabu akachagua.

#14 Kichwa Ngumu

@Mtu wa Ngara na bisi hawauzi lakini sadaka inaingia. Shemeji asije akasoma hii akabadilisha mawazo.

#15 Operator Mstaafu

Nimesoma post zote. Mmesahau chumba cha nyuma.

Nilikuwa operator miaka ya 80 kwenye mji mmoja wa bara. Mashine mbili za mm 35. Reli moja ni dakika 20 hivi, picha ya Kihindi ya saa tatu ina reli tisa hadi kumi. Mwanga ulikuwa wa vijiti vya kaboni, viwili vinakaribiana vinatoa cheche, na vinaliwa, kwa hiyo unavisogeza kidogokidogo muda wote. Ukisinzia, skrini inakuwa njano, halafu kahawia, halafu unasikia matusi ya mama yako.

Kubadilisha mashine: juu kulia kwa skrini inatokea nukta. Nukta ya kwanza unawasha mota ya mashine ya pili. Ya pili inakuja sekunde saba au nane baadaye, hapo unahamisha. Ukikosea, watu wanaona ukuta mweupe. Nilikosea mara mbili katika miaka sita. Mara ya kwanza nilikuwa na homa. Ya pili nilikuwa na mgeni chumbani, sitasema nani, sasa ni mke wangu.

Msidhani kumbi ndogo zilikufa kwa sababu watu hawakutaka sinema. Wale waliovumilia video, wakavumilia DVD za elfu moja, walikuja kumalizwa mwaka 2013, 2014, wakati studio kubwa zilipoacha kutengeneza mikanda. Picha sasa inakuja kwenye diski, imefungwa kwa ufunguo wa kompyuta unaofungua siku walizokukubalia tu. Mashine ya kusoma hiyo diski ni bei ya nyumba. Ukumbi wa mji mdogo ungeitoa wapi? Ndiyo maana sinema ikahamia mall tu.

#16 Kijana wa Raskazone

Mzee @Operator Mstaafu shikamoo na ahsante sana. Swali: sisi hatuna hela ya mashine ya bei ya nyumba. Projekta ya kawaida ya mikutanoni haitoshi kwa watu 60?

#17 Operator Mstaafu

Marahaba. Kwa watu 60 itatosha, ila giza liwe giza. Godauni lina matundu ya hewa juu ya kuta, nayajua magodauni ya Tanga. Saa kumi jioni jua litapiga skrini utalia. Na hilo paa ni la nini?

#18 Kijana wa Raskazone

Bati.

#19 Operator Mstaafu

Pole.

#20 Mpenda Sauti

😂😂 Masika ya Tanga juu ya bati. Hiyo sauti ya kuingia kifuani mtaipata, ila si ya picha.

Ushauri wa kweli: weka dari, na juu ya dari kitu kinene. Ukutani mapazia mazito, hata mablanketi. Msidanganywe na trei za mayai, hazizuii kelele wala hazinyonyi mngurumo, zinashika vumbi na panya tu.

#21 Baba Wawili

Mnaongea sanaa, mimi naongea pochi. Mwezi uliopita nilipeleka familia kwenye mall moja Dar. Tiketi nne elfu kumi kila moja, 40,000. Bisi na soda kwa watu wanne, elfu nane kila mtu, 32,000. Bajaji kwenda na kurudi 15,000. Jumla 97,000. Kwa picha ambayo mtoto wa mwisho alilala. Hiyo ni ada ya tuisheni.

#22 Daftari la Zamani

@Baba Wawili ni 87,000 mkuu. Hiyo elfu kumi nyingine umeipeleka wapi?

#23 Baba Wawili

Wife yupo humu, nyamaza.

#24 Kichwa Ngumu

PICHA LINAANZA 😂😂😂

#25 Mama Karanga

Nimewahi kuuza kaunta ya bisi kwenye ukumbi, nawaambia ukweli ambao bosi wangu asingependa. Ile tiketi ukumbi hauli yote. Picha kubwa za nje, wiki za mwanzo karibu nusu ya mapato ya mlangoni inaenda kwa mwenye picha. Bisi sasa, kikombe cha mahindi, mafuta, chumvi, na boksi ambalo ndilo ghali kuliko bisi zenyewe. Ukumbi unaishi kwa bisi. Ndiyo maana wanakukagua mkoba mlangoni kama unaingia na bomu, kumbe wanatafuta karanga.

Ukumbi wa Tanga ungefanya kinyume. Ruhusu mwenye mihogo akae nje na pilipili yake, alipe kidogo kwa wiki. Watu watakuja kwa mihogo, picha wataikuta.

#26 Binti Chumbageni

Mihogo ya kuchoma na picha ya Kihindi. Mimi nishaoga.

#27 Wakili wa Bure

Habari zenu. Naharibu sherehe kidogo.

Usijidanganye kwamba ukiwa umelipia huduma ya kuangalia picha nyumbani basi unaweza kuionyesha kwa kiingilio. Malipo yale ni ya matumizi binafsi. Ukiweka viti na kukata tiketi, hilo ni onyesho la hadhara, unahitaji idhini ya mwenye haki. Na kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya 1976: picha inayoonyeshwa hadharani inapitia Bodi ya Filamu kwanza, nayo inapangiwa umri. Anza na watengenezaji wa hapa nchini. Wengi wanalia hawana pa kuonyeshea kazi zao, mtaelewana haraka kuliko na studio ya ng'ambo.

#28 Mchambuzi wa Kahawani

@Wakili wa Bure ungewaambia vibanda umiza hayo wangekupa soda ukanywe nyumbani.

Lakini hapa kuna kitu hamjakigusa. Kibanda umiza hakijawahi kufa. Mbao, mabati, benchi, TV moja, jero (mia tano) mlangoni, na kinajaa. Kwa nini? Sauti ya mtafsiri. Marehemu Lufufu ndiye aliyetufundisha kwamba Mchina anaweza kuongea Kiswahili cha Manzese. Kule Uganda wana VJ Jingo, Kenya wana DJ Afro. Mtu haendi kuangalia picha, anaenda kumsikiliza Lufufu akimsema adui. Alikuwa anaweza kumpa mtu jina, kabila na deni la duka, na picha yenyewe ni ya Hong Kong.

Kwa hiyo mleta mada uko karibu na ukweli lakini hujafika. Watu hawafuati watu wowote tu. Wanafuata msimuliaji.

#29 Mpenda Sauti

Hapana hapana hapana. Mtu kaandika mazungumzo miaka miwili, mpiga muziki kaweka kinanda pale penye machozi, halafu jamaa anaingilia "sasa hapa mama mkwe kakasirika kwa sababu ya ugali". Huo ni wizi mara mbili.

#30 Mchambuzi wa Kahawani

Wizi uliokufundisha sinema ukiwa mtoto. Usikatae mama kwa sababu umepata mke.

#31 Mpenda Sauti

Umenipiga chini ya mkanda. Ni kweli nilianzia huko. Bado napinga.

#32 Maskati Kwetu

Salaam kutoka Oman. Huku kila mall ina kumbi, ubaridi wa kuganda, ijumaa utakuta Wahindi wa Kimalayali wamejaa na picha yao ya Kerala wanashangilia steringi akitokea kama Simba kafunga. Mimi huingia huko makusudi, Kimalayalam sijui hata neno, nakwenda kwa zile kelele. Naona niko Ng'ambo ya Unguja.

Jirani zetu Saudia hawakuwa na kumbi miaka zaidi ya 30, zikaja kufunguliwa tena 2018. Kabla ya hapo watu walikuwa wakiwasha gari, wanavuka daraja la bahari mpaka Bahrain, kuangalia picha tu na kurudi. Hao huwezi kuwaambia tatizo ni bajaji ya elfu saba.

#33 Baba Wawili

Nipe mshahara wa Saudia na mimi nitavuka daraja la Kigamboni.

#34 Mzee wa Upanga

@Daftari la Zamani nimekubali kuhusu TV, kumbukumbu yangu imechanganya. Lakini hadhi sijaiondoa. Mnasema mihogo, mablanketi, kelele. Kijana, mtu akija kwako akakuta sakafu imefagiliwa, kuna mtu mlangoni kavaa shati safi anakata tiketi kwa mkono na kukuonyesha kiti kwa tochi, huyo mtu atarudi. Kijana wa tochi! Hakuna mtu aliyewahi kunifanya nijione bwana mkubwa kama yule kijana wa tochi wa Avalon. Nilikuwa na miaka kumi na mbili.

#35 Kocha wa Mkwakwani

Ushauri wa bure: angalia ratiba ya mpira kabla ya ratiba ya picha. Siku ya Simba na Yanga funga ukumbi ulale. Jumamosi na Jumapili jioni ligi ya Uingereza inakusanya kila mwanaume mwenye jero. Sinema yako ni Jumatano na Alhamisi, na mchana wa Jumamosi kama alivyosema @Binti Chumbageni. Na Idi. Idi ndiyo mavuno, watoto wana nguo mpya na hela ya mkononi, hawana pa kwenda.

#36 Kichwa Ngumu

Mashabiki wa Coastal Union ya Tanga wamezoea kukaa dakika 90 na huzuni, picha ya Kihindi ya saa tatu ni mteremko kwao.

#37 Kocha wa Mkwakwani

1988 tulichukua ubingwa wa nchi. Wewe ulikuwa wapi?

#38 Kichwa Ngumu

Sijazaliwa. Na nyie tangu hapo hamjazaliwa upya.

#39 Moderator

Turudi kwenye sinema, mpira una jukwaa lake.

#40 Kijana wa Raskazone

Wakuu, samahani kwa kimya cha wiki tatu. Naleta mrejesho.

Tulijaribu Alhamisi. Shuka mbili nyeupe zimeshonwa pamoja na kuvutwa kwa kamba, projekta ya kuazima, viti vya plastiki 50 vya kukodi, vile vya harusini. @Wakili wa Bure tulikusikiliza, tuliongea na vijana watatu wa hapahapa waliotengeneza picha yao fupi ya dakika 35 kuhusu wavuvi, wakaruhusu, wenyewe wakaja na mama zao. Kiingilio jero. @Mzee wa Upanga, mdogo wangu alisimama mlangoni na shati jeupe na tochi. Mzee mmoja alipoonyeshwa kiti alimpa mkono wa ahsante, mia mbili.

Walikuja 41. Kati yao 17 ni watoto wa mtaa ambao hatujui walipita wapi.

Dakika ya 12 mvua ikashuka. @Operator Mstaafu, ulisema pole, sasa naielewa ile pole. Wavuvi wanafungua midomo, hatusikii hata neno, bati linapiga kama treni. Nikafikiri watu wataondoka. Basi mama mmoja wa mstari wa tatu, mama wa yule kijana aliyecheza nahodha, akasimama akaanza kupiga kelele kutuambia wanasema nini. Alikuwa na sauti ya kuuza samaki, bati halikumshinda. Mwanzo alikuwa anasema ya kweli, maana picha keshaiona mara kumi. Baadaye akaanza kuongeza yake. Nahodha akawa anamwomba mama yake msamaha kwa kutooa. Kijana mwenyewe kakaa pembeni kajifunika uso kwa fulana.

Mvua ikakatika, sauti ikarudi, na watu wakamwambia mama aendelee.

#41 Mchambuzi wa Kahawani

Sitaki kusema kitu. @Mpenda Sauti unasoma?

#42 Mpenda Sauti

Nasoma. Dari ingekuwepo mngesikia picha.

#43 Mkunazini

Huyo mama mumpe mshahara.

#44 Dada wa Sinza

Hongereni. Mrejesho mrefu, mmetaja shuka, tochi, viti, mvua. Choo je?

#45 Kijana wa Raskazone

Dada usinichukie. Siku ile tuliomba kwa jirani. Fundi kaja jana kuanza kuchimba. Mita moja chini kakata bomba la maji la barabara nzima.

#46 Kichwa Ngumu

Picha linaanza.